Picha za Mama Zilizogeuzwa Sauti

Mimi na wifi yangu tulikuwa na chumba cha fotokopi mtaa wa Buyenzi, na ndani yake kompyuta moja ya mezani iliyotuletea wateja kuliko mashine ya fotokopi yenyewe. Wifi yangu ni mke wa kaka yangu mkubwa. Mtaani walikuwa wanatucheka, mawifi wawili kwenye meza moja, maana wifi ni wa kutaniana naye na kununiana naye, si wa kumwachia ufunguo. Mimi nilimwachia ufunguo, na neno la siri la kompyuta pia. Naandika haya nikiwa bado na hasira, kwa hiyo anayetafuta upole asiutafute hapa.

Kazi yetu ilikuwa kugeuza. Mtu anakuja na filamu kwenye flashi, televisheni yake ya nyumbani imeikataa, sisi tunaigeuza iwe namna ambayo televisheni ile inaikubali. Madereva walitaka video za nyimbo ziwe sauti tupu, MP3, wazipige ndani ya gari. Wafanyabiashara wa Gatumba walileta harusi za ndugu zao wa Uvira zilizorekodiwa kwa simu tano, kila simu na fomati yake, wakitaka ziwe kitu kimoja kabla ya jioni. Baada ya mafuriko, mwanamke mmoja wa Buterere alituletea kanda tatu zilizolowa, amezifunga kwenye kitenge. Tuliokoa moja, na siku hiyo wifi yangu alilia pamoja na mwenye kanda.

Kugeuza video kuwa sauti ni kazi nyepesi kuliko zote. Unachagua faili, unachagua MP3, unabonyeza. Kompyuta inachukua sauti na kuiacha picha, na faili lililokuwa zito linabaki jepesi. Lakini hiyo ni safari ya kwenda tu, hakuna programu ya kuirudisha picha kutoka kwenye sauti. Ndiyo maana tulikuwa na sheria, na aliyeitunga ni mimi: usifute faili la asili mpaka mwenyewe aje, akae, asikilize hadi mwisho, aseme basi. Wifi yangu aliishika sheria hiyo kuliko mimi. Aliwahi kumkalisha dereva mmoja kwenye benchi asikilize nyimbo zake zote, hadi dereva akamuuliza kama amekuja dukani au madrasa.

Mama alipoanza kuugua figo nikaanza kumrekodi. Kila Ijumaa baada ya swala nilikwenda chumbani kwake, nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari, nikamwambia aseme. Na mama alijua kusema. Alieleza babu yake alivyovuka ziwa kutoka Ujiji, yeye mwenyewe alivyokuwa akipika pilau ya harusi bila kuonja, na maneno aliyowafundia mabibi harusi, ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu kaka yangu anaweza kuyasoma. Mama hakuwa mtu wa kutoka hata kwa jirani bila mtandio. Kwenye video zangu alikuwa kichwa wazi, nywele nyeupe zimesukwa mistari minne, meno mawili ya mbele hayapo, anacheka mpaka anashika mbavu. Nilizipenda kwa sababu hiyo hasa. Watu wa nje walimjua mama mwingine, huyu alikuwa wa kwetu.

Video zilifika tisa. Simu ikajaa, nikazihamishia kwenye kompyuta ya dukani, nikazifuta kwenye simu. Wateja wote niliwahubiria kuweka nakala mbili, moja hapa na moja pale. Mimi mwenyewe sikuweka hata moja. Mganga hajigangi.

Mama alifariki Jumanne asubuhi, akazikwa kabla ya alasiri. Wiki ile ya kwanza sikukanyaga dukani. Wifi yangu alifungua yeye, akafunga yeye, na jioni akaja kukaa nasi msibani, akinikanda miguu. Naikumbuka vizuri ile mikono miguuni mwangu, na kila nikiikumbuka damu inanipanda.

Niliporudi kazini nilikuwa na wazo moja tu, siku ya arobaini. Ndugu wa Uvira wangekuja, na shangazi wa Kigoma pia, na baada ya kisomo na chakula ningewasha televisheni kubwa ya kaka yangu nikawaonyesha mama. Ningeziunganisha video zile ziwe moja, saa nzima ya mama akisema na kucheka. Nilimweleza wifi yangu tukiwa wawili tu dukani. Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kupanga karatasi. Msimu wa harusi ulikuwa umeanza, kwa hiyo mipango yangu nikaiweka kando, nikajaza kompyuta video za harusi za watu.

Siku tatu kabla ya arobaini nikafungua folda ya mama. Majina yalikuwa yale yale niliyoyaandika, moja hadi tisa. Lakini kila faili lilikuwa dogo, na mwisho wa kila jina, mahali pa MP4, paliandikwa MP3. Nikafungua la kwanza. Sauti ya mama ikatoka na kioo kikabaki cheusi. Nikafungua la pili, la tatu, nikaenda kwenye kapu la taka la kompyuta. Tupu.

Wifi yangu alikuwa mlangoni akimkabidhi mteja nakala zake. Nikasubiri mteja atoke.

“Nani aligusa mafaili ya mama?”

Hakujifanya hajui. “Ni mi, wifi. Nilitoa picha. Sauti yote iko, sikupunguza hata neno.”

“Lini?”

“Ile wiki ya musiba.”

Nilihesabu. Siku niliyomweleza habari ya arobaini na televisheni, picha zilikuwa zimeshafutwa zamani, na yeye akatikisa kichwa, akapanga karatasi. Nikamuuliza alitumwa na nani.

“Nikisema kwa mudomo wangu, utasema ni uongo,” alinijibu. “Sikiliza ya tisa mupaka mwisho. Ndiyo nakuomba, basi.”

Mtu amekuvunjia nyumba, halafu anakuomba ukae usikilize. Nilimwambia aweke ufunguo mezani. Akauweka, akachukua mkoba wake na chupa yake ya chai, akatoka bila kuniangalia. Niliyoyasema nyuma yake yalisikika mpaka kwa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, na wala sijayaonea haya.

Nilijua kabisa nani amemtuma. Kaka yangu siku hizi ameshika dini kwa mikono miwili. Picha zote za sebuleni kwake amezishusha, hata ya harusi yake mwenyewe, anasema nyumba yenye masura ukutani haina baraka. Nikaenda gereji kwake na maneno yamenijaa mdomoni. Nilimkuta chini ya gari, nikasema na miguu yake.

“Ulimutuma muke wako anifutie mama.”

Akajivuta nje, akakaa chini, uso umejaa oili. Ilibidi nimweleze mara mbili. “Wallahi mi sijui kitu,” alisema. “Ya ukutani nilitoa, ni ukuta wangu. Ya mama sijatuma mutu.” Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, kama ni kweli mama alikuwa anacheka kwenye hizo video, maana yeye hakuwahi kuziona. Hapo nikajua hasemi uongo, na hilo likaniudhi zaidi. Kama si yeye, basi wifi yangu alifanya kwa roho yake tu, na roho kama hiyo nilikuwa nimekula nayo sahani moja miaka yote.

Nikaifungua kompyuta, nikatoa diski, nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Rohero anayesifika kurudisha vilivyofutwa. Alikaa nayo siku mbili. Aliniambia kitu kikifutwa hakiondoki palepale, nafasi yake tu ndiyo inaachwa wazi, na ukiwahi unaweza kukipata.

“Lakini hapa juu yake watu waliandika tena,” alisema, akinionyesha. “Ni mavideo ya harusi, mengi sana. Nani aliyaweka?”

Nikamwambia ni mimi. Akanirudishia diski ikiwa imefungwa kwenye gazeti, na nikatembea nayo hadi Buyenzi kwa miguu, sikutaka kukaa karibu na mtu.

Arobaini ikafika. Tukasoma Yasini na wanawake wenzetu, shangazi wa Kigoma akalia sana, televisheni ikabaki imefunikwa kitambaa chake. Wifi yangu ndiye aliyekuwa anapakua pilau. Alinipa sahani kwa mikono miwili, mbele ya watu wote, nami nikaipitisha kwa aliyekaa kulia kwangu. Kwetu kila mtu anajua maana ya kukataa chakula cha mkono wa mtu kwenye kisomo. Watu wakaendelea kula.

Miezi ikapita hivyo. Salamu tu, asalaam alaikum, waalaikum salaam, zaidi ya hapo hakuna. Watu walikuja kutusuluhisha wakarudi kama walivyokuja. Nilisema kikulacho ki nguoni mwako, nikasema damu ni nzito kuliko maji na yeye ni maji, nikasema mengine mabaya zaidi. Mafaili tisa yalikuwa palepale kwenye kompyuta na sikuyafungua. Sikutaka sauti ya mama bila mama. Na sikutaka kumtii yule hata kwa jambo dogo la kubonyeza faili.

Faili la tisa nililibonyeza mchana mmoja wa mvua, hakuna mteja, maji yanapita barabarani kama mto. Mwanzo wake niliujua: mama anaeleza jinsi bibi harusi anavyotakiwa kumjibu mume mwenye kelele, mimi nacheka, halafu nasema naenda famasi kuchukua dawa zake kabla hawajafunga. Simu niliiacha palepale kwenye kopo. Enzi picha zilipokuwepo, kila mara niliishia hapo. Yaliyobaki nilidhani ni mama amelala.

Hakulala. Mlango ulisikika, na sauti ya wifi yangu ikimwambia uji umepoa, anywe. Kijiko kikagonga kikombe. Kisha mama:

“Hii telefone iko inakamata bado?”

“Iko inakamata, mama. Nizime?”

“Apana, iache, ikamate na hii.” Akanywa kidogo. “Nikienda, utoe mapicha. Sauti ibaki, wajukuu wasikie. Lakini mi kichwa wazi hivi, meno hakuna, sitaki mutu anione. Nilijifunika maisha yangu yote. Nifike mbele ya Mungu, huku kichwa changu kinazunguka mu matelefone ya watu?”

“Mwambie yeye mwenyewe, mama. Ni mutoto wako.”

“Nikimwambia, atasema ndiyo mama. Ile ndiyo yake naijua tangu ako mudogo. Halafu atafanya yake.”

Nilisikia jogoo wa jirani, nikasikia mtu akipita na redio.

“Atanichukia, mama.”

“Atakuchukia. We utavumilia?”

“Nitavumilia.”

Niliinuka pale kwenye kiti nikafunga mlango wa duka, mvua ikinirukia. Sijui nilikuwa nimemkasirikia nani tena. Mama yangu mzazi, mimi niliyezaliwa tumboni mwake, niliyemwogesha na kumlisha, alikuwa amekaa chumbani kwake akaniteta na mkamwana, akamkabidhi yeye uso wake mimi nikiwa kwenye foleni ya dawa zake. Na ilikuwa ndani ya simu yangu mwenyewe. Faili lilikuwa linaendelea, nikarudi kukaa.

Ndala zangu zinasikika zikiingia. Nalalamika juu ya foleni, nahema. Wifi yangu ananipokea mfuko, ananiuliza kama nimelowa. Mama anaingilia kati, polepole, sauti ile aliyoitumia akitaka kitu kweli.

“Mwanangu, haya mapicha. Niko kichwa wazi. Hautaonyesha watu, si ndiyo?”

Na sauti yangu inajibu, karibu kabisa, kwa sababu nimeinamia kopo la sukari:

“Ndiyo, mama.”

Sikumbuki kabisa kusema hivyo. Tangu siku ile ya mvua nimeisikiliza mara nyingi, natafuta kama ndani ya neno lile kulikuwa na mtu anayemsikiliza mama yake. Ninachosikia ni kidole changu kikihangaika kutafuta mahali pa kuzima.