Mkato wa Mshazari na Utumbo wa Chenge

Saa mbili asubuhi, Dorotea Aluoch ananyoosha vidole mara tatu kabla ya kushika kisu. Mbele yake kuna kitofali cha nta, na ndani ya nta kipande cha utumbo wa mtu, kidogo kama punje ya mchele. Anakata humo utando mwembamba mno, kisha anaulaza juu ya kioo.

"Macho yameisha, mgongo umeisha," anasema bila kuinua kichwa. "Kazi ndiyo haijaisha."

Dorotea, 51, mzaliwa wa kando ya ziwa mkoani Mara, amefanya kazi hii miaka 22 katika maabara ya hospitali moja mjini Mwanza. Walikuwa watano. Serikali ilipopunguza wafanyakazi, wanne wakaondoka. Amebaki yeye, na harufu ya dawa inayomfuata hadi nyumbani Kiseke.

Ukimuuliza anaona nini kwenye hadubini, sauti inachangamka kidogo.

"Ukuta wa utumbo una vishimo. Seli huzaliwa chini kabisa, hazijui kazi. Seli jirani huzipa ujumbe: wewe zaana, wewe acha, wewe utatoa ute, wewe utanyonya maji. Zinapanda zikikomaa, na baada ya siku chache zinapukutika. Ujumbe ukivurugika, zinazaana ovyo bila kukomaa. Saratani huanzia hapo."

Machi mwaka huu kilifika kipande cha utumbo wa Chenge, mkulima wa pamba wa Kisesa aliyekuwa akiharisha damu. Daktari Nurdin, kijana aliyetoka chuoni juzi tu, alikitazama akaandika: saratani. Chenge akapangiwa kukatwa sehemu ya utumbo siku ya Alhamisi.

Jumatano asubuhi Dorotea alikirudia kile kioo. Moyo haukutulia.

"Nilikuwa nimechoka, nilikata mshazari. Vishimo vikikatwa hivyo, unaona seli changa tupu, kama vile hakuna iliyokomaa."

Alimfuata Daktari Nurdin, akamweleza.

"Shikamoo, Mama Sharon," alisema kijana, akimwita kwa jina la mwanawe. "Lakini ripoti imeshakwenda wodini."

"Marahaba, mwanangu. Basi tuifuate. Kosa la mkato ni langu."

Aliyeyusha nta, akakisimamisha kipande wima, akakata upya. Safari hii kila kitu kilikaa mahali pake: changa chini, za ute katikati, zilizokomaa juu. Kilikuwa kidonda cha amiba, na pembeni kilishaanza kupona. Daktari Nurdin alikwenda wodini mwenyewe, karibu akimbie. Upasuaji ukafutwa.

"Nilishaagana na watoto," anasema Chenge, ambaye sasa amerudi shambani. "Huyo mama hata sura simjui."

Dorotea hataki pongezi. "Huyo nilimrudia. Nafikiria wale ambao sikuwarudia."

Barua zake tatu za kuomba msaidizi hazijajibiwa. Kwa hiyo kila Ijumaa mchana anamfundisha Daktari Nurdin kukata.

"Mkono wake bado mzito," anasema, akisugua macho. "Namwomba Mungu miaka minne tu, nistaafu nikiwa nimemwachia mtu kazi. Kisha nirudi kwetu nikalime mtama, nitazame vitu vikubwa vikubwa."