Mume Wangu Alitaka Kuta Zote Ziwe Nyeupe

Admin, nakuomba jina langu libaki kwako peke yako, maana mume wangu na dada yangu wote wanaufuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Tanga. Naishi Columbus, Ohio, na mume wangu na binti yetu wa miaka kumi na miwili, ambaye hapa nitamwita Zuhura. Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Naandika haya nyumba nzima bado inanuka rangi.

Marekani tulianzia Louisville, kwa dada yangu. Nilikuwa na kazi niliyoipenda na majirani niliowazoea. Mume wangu akapata kazi ya ofisini Columbus, nikaacha vyote nikamfuata. Mwaka ule wa kwanza nililia sana, nikamwambia wazi: "Baba Zuhura, hapa ndio mwisho. Sihami tena." Akakubali. Tukanunua nyumba kuukuu mtaa wa Clintonville, hapahapa Columbus, kwa majina yetu wote wawili, tukasema tutaikarabati taratibu.

Taratibu hiyo ikawa miaka minne. Halafu baridi ya safari hii, theluji imejaa mpaka mlangoni, akaja na haraka. "Nimechukua likizo. Tupake rangi nyumba nzima." Nikamuuliza nani anapaka rangi msimu huu, madirisha hayafunguki, harufu si itatumaliza? Akasema ndio wakati mafundi wanapatikana. Akamleta fundi mmoja mtu mzima, Mkongo wa Bukavu, tunamwita Papa Safari.

Basi nami nikafurahi. Nikaenda dukani nikachukua vikadi vya rangi, nikavibandika ukutani nivitazame asubuhi na jioni. Jikoni nilitaka manjano, sebuleni nyekundu ya udongo. Mume wangu, mtu ambaye miaka kumi na mitatu hajawahi kujua mapazia yetu yana rangi gani, akavibandua kimoja kimoja.

"Nyeupe," akasema.

"Kila chumba?"

"Kila chumba. Tuchague rangi ambayo mtu yeyote ataipenda."

"Mtu yeyote nani? Si tunaishi sisi?"

Akashuka chini na simu yake.

Nikamtumia dada yangu picha za vile vikadi, nikijua atanitetea. Huyu ni mtu ambaye sebule yake kule Louisville ni zambarau, na mlango wa choo ni wa waridi. Akanijibu: "Mdogo wangu, mwachie shemeji. Nyeupe inatuliza macho." Dada yangu mimi? Nikaisoma ile meseji mara tatu. Moyo ukakataa.

Tangu hapo nikaanza kumchunguza mume wangu. Simu alikuwa anapokelea chini, kwenye chumba cha tanuri la kupasha nyumba joto. Nikishuka, anasema "sawa, sawa" na kukata. Halafu akaniaga anakwenda Buffalo siku tatu, harusi ya rafiki. Harusi gani mtu anabeba shati la ofisini na viatu vya ofisini, bila zawadi? Nilinusa kola ya koti lake kabla hajaondoka. Sioni aibu kusema. Nilijua ni mwanamke.

Kesho yake nikampelekea Papa Safari chai. Akaniuliza kwa upole, "Mama Zuhura, sasa mutaenda kuishi wapi?"

"Kwa nini twende?"

"Bon, hii rangi ni ya nyumba ya kuuzisha. Benye banauzishaka, banachagulaka hii tu." Akaniangalia usoni, akaweka kikombe chini. "Pardon, mama. Nilizani unajua."

Nilimpigia dada yangu palepale. Sikumweleza kitu. Nilisema tu, "Dada, najua kila kitu."

Akauliza, "Nani amekwambia?"

Akaanza kulia. "Nilimwambia shemeji akwambie mwenyewe tangu Novemba. Aliniomba nikulainishe kidogo kidogo."

Kumbe mume wangu alikuwa ameachishwa kazi tangu Oktoba. Wiki zote zile alizotoka asubuhi na begi lake, hakuwa na pa kwenda. Kazi mpya ameipata Buffalo, na dalali wa nyumba alishakuja kupima vyumba vyetu nikiwa kazini.

Nikaenda dukani. Nikarudi na makopo ya manjano na makopo ya nyekundu. Papa Safari akasitasita: "Mama, papa Zuhura alisema blanc, nyeupe."

"Na mimi nasema hivi."

"Donc tunaanzia wapi?"

Mume wangu aliporudi alisimama mlangoni na theluji viatuni, akatazama sebule. "Mama Zuhura, umefanya nini?"

"Nimepaka nyumba yangu."

Akakaa juu ya ndoo, akasema yote. Alisema aliona aibu, na alijua ningekataa. Nikamwambia, "Ndiyo, ningekataa. Lakini ungenisikia nikikataa."

Ndugu zangu, hakukuwa na mwanamke, na watu wa nyumbani wananiambia nishukuru. Mimi siwezi. Kazi ikipotea tutaivumilia, hata kuhama ningezoea tena. Kinachonichoma ni kwamba watu wangu wawili walinikalisha na vikadi mkononi nichague rangi za nyumba ya watu wengine, na wao wanajua. Na ukweli niseme, ile manjano ya jikoni hata mimi inaniumiza macho.

Ataanza kazi Buffalo wiki mbili zijazo. Ameniomba kuta zirudishwe nyeupe na niweke sahihi nyumba iuzwe. Zuhura anasema kwa Kiingereza chake kwamba hatoki hapa. Simu za dada sipokei. Mume wangu siku hizi hata akisema theluji inaanguka, nachungulia dirishani kwanza.

Niambieni mlioolewa na mliooa, bila kunionea huruma: mtu aliyenidanganya miezi mitatu kwa upole hivi, nimfuate Buffalo, au nibaki na nyumba yangu?