Zambarau ya Kisima cha Ilagala

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koti jeupe, ufunguo wa jokofu na kikopo cha kinyesi cha mtu nisiyemjua. "Karibu Kigoma," alisema Mkuu wa Maabara, mtu wa Dodoma aliyeletwa kwa uhamisho na ambaye hakuwahi kulisamehe ziwa kwa kutoa samaki. "Hapa tunapima maji na vinyesi. Hivyo viwili vikikutana, watu wanakufa." Ninyi vijana mnaopima kwa mashine za kuwaka taa, tulieni niwaeleze tulivyofanya sisi.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Maboti yalishusha watu kutoka Burundi, na kila ofisi iliogopa kipindupindu. Mimi nilipewa visima vya ufukweni, kuanzia Bangwe hadi Ilagala. Nilichota maji, nikarudi nayo mjini na kuyapandikiza. Kupandikiza ni kuweka tone la maji kwenye sahani ya kioo, juu ya chakula cha bakteria kilichogandishwa kwa agari, yaani unga wa mwani, kisha kusubiri. Bakteria mmoja haonekani kwa macho, lakini akizaliana huwa doa, na kwa doa lile unaanza kumtambua.

Basi ule unga wa nyama tuliowalisha bakteria ukaisha, na bohari ikatujibu tuvumilie. Bakteria hawajui kuvumilia. Nilikwenda sokoni nikanunua dagaa, nikachemsha supu, nikaichuja na kuigandisha. Mkuu aliingia ameziba pua kwa leso.

"Hii ni maabara au mgahawa?"

"Maabara, mzee. Mgahawani wangetia chumvi."

Paka wa mtaa wetu wa Katubuka wote wakahamia dirishani kwetu. Lakini bakteria walinenepa, na sahani ya kisima cha Ilagala ikatoa madoa ya zambarau iliyokolea ambayo sikuwahi kuyaona. Hakuwa mdudu wa kipindupindu, tukashukuru. Alikuwa bakteria wa udongo na maji anayejitengenezea rangi, kama walivyo wenzake wanaotoa nyekundu na njano.

Nyuma yangu alisimama Domitila, binti wa Kirundi aliyefagia maabara yetu. Alikuwa amechumbiwa na Yohana, mvuvi wa Ilagala, na uchumba ulikuwa umekwama kwa bibi yake Yohana. Bibi alisema binti wa milimani hajui ziwa, na tena hataki kuona nguo ya msaada uani kwake. Siku ya kutambulishwa ilikuwa inakaribia, na Domitila hakuwa na kitambaa kingine ila shuka jeupe la msaada.

"Mana yanje!" alimwita Mungu kwa Kirundi, macho kwenye sahani. Kwao daktari ni muganga, nami aliniita hivyo. "Muganga, rangi hii haishiki kwenye nguo?"

"Sijajaribu."

"Jaribu, nakuomba. Nikienda na nyeupe, yule bibi atanirudisha njiani."

Nilidhani Mkuu atakataa. Kumbe aliposikia rangi, alikwisha kuona kiwanda. "Vitenge! Wino! Rangi za nyumba!" alipiga kelele.

"Vitanuka dagaa, mzee."

"Wateja watazoea," alijibu, naye bado ameziba pua.

Tulifuga zambarau kwenye masinia ya supu ya dagaa. Ilipokolea, tuliitia kwenye sufuria ya mvuke, ile tuliyotumia kuua vijidudu vyote, ili bakteria wafe na rangi ibaki. Kisha tukachemsha shuka humo humo. Mkuu alitumbukiza na leso yake, kama sampuli ya kiwanda. Shuka lilitoka zuri mpaka Domitila akalia. Alilifua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. Harufu ya dagaa haikwenda popote.

Siku ya kutambulishwa tulimsindikiza kwa boti, mimi na Mkuu, maana hakuwa na ndugu upande huu wa mpaka. Paka wa kwanza alimfuata tangu ufukweni, na tulipofika uani tulikuwa na msafara. Bibi alikaa mkekani, akanyanyua pua.

"Nani ananuka dagaa?"

Mkuu akachomoa leso haraka azibe pua, akasahau kuwa ndiyo ile sampuli. Alikohoa mpaka akaondolewa kupelekwa upeponi. Domitila alipiga magoti.

"Shikamoo, Bibi. Ni mimi."

Bibi alishika pindo la nguo, akalinusa kwa utaratibu wa mwanamke aliyeanika dagaa maisha yake yote.

"Dagaa wakavu," alisema. "Hawana mchanga. Na rangi mmeitoa wapi?"

"Kisima chenu, Bibi," nilijibu. "Imeota kwenye maji ya hapa hapa."

Bibi aliliachia pindo. "Maji yangu, dagaa wangu. Sasa nimfukuze nimpeleke wapi?" Akawageukia vijana. "Ondoeni hao paka, mke wetu apite."

Kiwanda hakikufunguliwa. Jua la Ilagala liliila ile zambarau mpaka shuka likawa la kijivu, na Mkuu akarudishwa Dodoma na leso iliyopauka. Siku hizi, nikiwa mstaafu, nasikia wataalamu wanachunguza rangi za bakteria kwa ajili ya nguo, wino, hata dawa. Nawatakia heri. Nawashauri tu wasitumie dagaa, labda kama kuna binti wa kuolewa.

Maana juzi nilikwenda Ilagala kumsalimia Domitila, ambaye sasa ndiye mwenye vichanja vya dagaa pale. Nilimkuta amenuna. Mwanawe analeta mchumba kutoka Dodoma.

"Binti wa nchi kavu, Muganga!" alilalamika. "Ziwa atalijulia wapi?"

Sikubishana naye. Niliaga, nikamtafuta yule binti alikofikia mjini, nikamwomba anipe shuka jeupe.