Fundi wa Vioo Asiyesikia Hodi

Asubuhi, jua halijakolea, fundi vioo amesimama ghorofani na kiberiti cha gesi mkononi. Anasogeza mwali karibu na kioo cha tabaka mbili. Ndani yake zinaonekana ndimi kadhaa za moto, na moja ina rangi tofauti. Uso wa kioo unaoutoa ulimi huo ndio wenye utando unaozuia joto.

"Ukikigeuza, umemjengea mwenye nyumba jiko," anasema, kisha anacheka peke yake.

Anapenda kuongea, huyu. Akikosa mtu huongea na kioo. Sababu niliijua jioni, nyumbani kwake.

Ni chumba kimoja cha bati kando ya njia. Mkewe alikuwa na maradhi ya moyo, na joto lilimtesa. Fundi akaomba vioo vilivyokosewa vipimo saiti, akavikata, akaviweka madirishani. Hakuweka bawaba. Alivizungushia gundi ya silikoni pande zote, kwa kuwa dirisha lenye upenyo hupitisha joto.

"Nilitaka apate usingizi. Na aliupata."

Mke alifariki mwaka jana. Vioo vimebaki. Mle ndani kuna ubaridi mzuri, lakini njia unaiona tu, huisikii: watu wanacheka bila sauti. Nilikaa kidogo nikatamani kutoka.

"Baada ya arobaini, watu walinisusa," ananiambia. "Wanapita hapo, wanatazama, wanaondoka. Basi, mkosa mke ni mkosa wote."

Tulipotoka, jirani yake, mama muuza mkaa, alikuwa mlangoni pake. Alinisalimia mimi, fundi akamruka.

"Shemeji, hata salamu?" fundi akauliza.

"Salamu gani? Nimekuita dirishani mpaka koo limekauka! Unanikodolea macho tu. Nikawaambia wenzangu, tumwache, huyu kashapata maringo."

"Haki ya Mungu, sikusikia. Nilidhani unaongea na wateja."

Mama alimtazama, akalitazama dirisha, akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

Jumapili fundi anakusudia kuikata silikoni ya kioo cha upande wa njia, kile kilichokuwa juu ya kitanda cha mkewe, akiwekee bawaba kifunguke. Anasita, kwa kuwa kile ndicho alichokipima kwa uangalifu kuliko vyote maishani.

Nikamkumbusha kwamba joto litaingia.

"Liingie," akasema. "Ubaridi huu namtunzia nani?"