Siku Mama Alipokataa Nikatwe Kimeo

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kutumwa maji lakini bado si kuni, kikohozi kilinishika msimu wa baridi kijijini kwetu Suji, kule milimani. Ukungu ulipanda kutoka bondeni ukaingia mpaka jikoni, nami nimejikunyata kando ya mafiga nikikohoa. Bibi, mama yake baba, alinipa chai ya tangawizi iliyonitoa machozi, akanifunika kwa khanga zake. Mwanzoni niliyafurahia maradhi yale. Nilipikiwa makande laini ya peke yangu, na hakuna aliyenituma popote.

Lakini kikohozi hakikuisha. Asubuhi moja Bibi alinikalisha mlangoni penye mwanga, akanikandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko, akachungulia.

"Kimeo," akasema. "Kimerefuka, kimelalia koo. Kisipokatwa huyu haponi."

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi, na kwetu hilo halikuwa jambo la kubishania. Baba alikatwa, shangazi zangu walikatwa. Kulikuwa na mzee huko Makanya, tambarare, aliyeifanya kazi hiyo, na watu waliteremka na watoto wao siku za gulio. Bibi akasema tutashuka kesho na gari la kwanza.

Mama alikuwa anachambua maharage. Sikuwahi kumsikia akimjibu mama mkwe wake zaidi ya "ndiyo, mama". Mikono yake ikasimama.

"Mama, hapana."

Bibi alidhani hakusikia vizuri. "Unasemaje, mama Namsifu?"

"Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, Elia. Naye alikohoa hivihivi. Walimkata kimeo asubuhi, damu ikakataa kukatika. Jioni tukawa tunamlilia." Alisema hayo akiyatazama maharage. "Sijamsimulia mtu wa nyumba hii. Ila huyu hakatwi."

Hapo nilisikia pumzi zangu mwenyewe, fupifupi, kama za mbuzi aliyekimbizwa. Bibi naye alizisikia. Akanisogelea, akanipandisha gauni, akatazama mbavu zinavyobonyea kila nivutapo pumzi. Huyu ndiye mwanamke ambaye majirani walimletea watoto wao awaangalie koo. Akaweka mkono wake kifuani kwangu, si kooni.

"Nipe kitenge," akamwambia Mama. "Twende zahanati. Nitaanza kumbeba mimi."

Walinibeba kwa zamu. Muuguzi alihesabu pumzi zangu huku akitazama saa, akasema ni nimonia, na kwamba tumewahi. Nilichomwa sindano nikapiga kelele za kusikika mpaka barabarani. Muuguzi akacheka, akasema mwenye sauti hiyo atapona. Bibi hakukubali kuondoka bila kuuliza.

"Na kimeo je?"

"Kimeo hakina kosa, bibi. Vijidudu vimeingia kwenye mapafu. Kikohozi ni mwili unavisukuma nje, na homa ni mwili unapigana navyo. Safari hii vimeuzidi nguvu, ndiyo maana tunausaidia kwa dawa."

"Sasa Mungu alikiweka cha nini?"

"Ukimeza, kinainuka pamoja na kaakaa, vinaziba njia ya kwenda puani. Bila hivyo uji ungekutokea puani."

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi. Njia nzima ya kurudi alikuwa akimeza mate makusudi, kichwa ameinamisha, akisikilizia.

Nilipona. Majirani waliendelea kumletea watoto, naye aliendelea kuwachungulia koo kwa kijiko chake, kisha anawaambia, "Mpelekeni zahanati." Hakueleza sababu, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Sasa naishi Same mjini, nina watoto wangu, na najua ilivyo vigumu mtu mzima kulirudisha neno lake mbele ya mkwe. Bibi alilirudisha palepale, bila kuombwa mara ya pili. Mdogo wangu wa kiume alipozaliwa, ilikuwa zamu ya jina la ukoo wa baba, na wazee walikuja nalo tayari. Bibi akampokea mtoto mikononi, akamtazama Mama, akasema, "Huyu ni Elia." Mama alilia siku ile, na mimi, bila kuelewa sana, nilijua ni kilio cha mtu aliyefika nyumbani.