Magodoro Sita

Mke wangu huleta udongo nyumbani. Ndivyo nilivyozoea kumtambulisha kwa wageni, na wageni hucheka. Ni mwanaakiolojia, anafundisha chuo kikuu hapa Bukavu, na tangu tuoane vigae vyake vya vyungu vya kale vimelala ndani ya bahasha juu ya kabati la vyombo, chini ya kitanda, hata kwenye sanduku la suti yangu ya harusi. Mimi ni mwalimu wa hesabu, napenda utani na mdomo wangu hauna kufuli. Nilimpa cheo cha Waziri wa Vumbi. Yeye hutabasamu kidogo, kisha anaendelea kuandika namba ndogondogo juu ya vigae.

Alikuwa akitafuta mji. Wakubwa wake wa kazi walishikilia kwamba zamani za kale msitu wa Mwenga haukuwa na watu wa kukaa mahali pamoja, ni wawindaji wa kupita tu. Yeye alibisha kwa miaka mingi, nao wakamwambia alete ushahidi au anyamaze. Hata bajeti yake ya utafiti ilikuwa inafikia mwisho.

Basi siku moja wachimba dhahabu wa kijiji fulani cha huko Mwenga wakashusha shimo jipya, wakakuta vyungu vingi vimepangwa, vya ufinyanzi ambao hata bibi vizee wa pale hawakuujua. Kapita, yaani mkuu wa kijiji, akampigia simu. Mke wangu akaenda, akaona, akapiga picha. Wiki hiyohiyo mvua ikabomoa shimo lote, kwa hiyo vyungu vilivyokuwa vimeshahamishiwa kwenye ghala ya kapita ndivyo pekee vilivyobaki vya mji ule. Mke wangu hakubeba hata kimoja, maana sheria inataka barua ya ruhusa. Aliwaomba wavitunze vizuri, akarudi Bukavu kungoja sahihi ya ofisi.

Hapo ndipo mimi nilipoharibu.

Nina rafiki tuliyekaa naye dawati moja sekondari. Siku hizi anauza vinyago na vitu vya kale kwa wageni wanaovipeleka Ulaya, na nilijua vizuri kwamba habagui alichopewa na alichoiba. Lakini ni mtu wa maneno matamu. Aliniandikia kwenye simu: nasikia madame amepata kitu kikubwa, ni kweli? Nilikuwa uani shuleni, wanafunzi wako mapumzikoni, moyo wangu umejaa. Nikashika simu nikamjibu kwa sauti, audio ndefu ya dakika nzima na zaidi. Nilisema kila kitu, hadi jina la kijiji.

Siku ya nne baada ya hapo nilipita soko la Nyawera kununua chaki. Muuza magodoro ananifahamu, akaniita.

"Mwalimu! Ule rafiki yako anatumalizia matela. Anabeba sita, anazikatakata hapa hapa na kisu. Anasema iko naenda Mwenga kuchukua bintu bya kupasukapasuka."

 Mtu hakati magodoro mapya sita ila awe na vitu vya udongo vya kufunga. Nilipanda mlima hadi nyumbani nikihema, nikamwambia mke wangu kwamba kuna mtu anavikimbilia vyungu vyake. Sikumwambia mtu huyo aliambiwa na nani. Barua ilikuwa imetiwa sahihi asubuhi ile, bado iko mkononi mwake. Akachukua bahasha zake, brashi na buti.

Tulitoka kulipopambazuka, moto mbili, yaani pikipiki, kila mmoja nyuma ya dereva wake. Barabara ya Mwenga wakati wa mvua ni adhabu. Malori yalikuwa yamelala kwenye tope yamepangana, na sisi tunajipenyeza pembeni, mara tunashuka kusukuma, mara tunabeba viatu mkononi. Kila tulipofika penye watu niliuliza kama jeep yenye magodoro juu imepita. Imepita jana, walinijibu wa kwanza. Imepita jana, na wa pili. Mke wangu alisikia majibu hayo, akamwambia dereva wake aongeze mwendo. Nilitaka anigombeze, hata anitukane. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie ukweli, nikajifanya nakohoa.

Tulipokaribia, mahali pembamba kati ya ukingo na bonde, jeep ikatokea mbele yetu ikirudi. Tukasogea kando ili ipite, hakukuwa na namna. Niliona mafurushi ya sponji yamefungwa kwa kamba juu ya jeep na kwenye viti vya nyuma, makubwa na ya mviringo kama vyungu. Ikasimama. Rafiki yangu akashusha kioo.  Niliogopa atakachosema mbele ya mke wangu.

"Ah, mwalimu! Madame professeur!" Alicheka kwa adabu zote. "Kule mbele barabara iko mubaya. Muende polepole."

Akapandisha kioo, akaenda. Mke wangu alisimama akiitazama hadi ikapotea.

"Alijua namna gani?" akauliza.

"Bachimbaji banaongeaka," nikasema.

Nimeshasema uongo mwingi mdogo maishani. Ule bado unanichoma.

Kijijini walitupokea kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyonimaliza. Kapita alitushika mikono, akaleta viti, akauliza kama mzigo tumekutana nao njiani. Mke wangu akamuuliza kwa nini amempa mtu mwingine vitu alivyomwachia. Mzee wa watu akashangaa, akanigeukia mimi.

"Lakini papa, si ni weye ulimutuma? Sauti yako iko hapa. Nilimwambia anitumie, ikuwe kama récépissé ya kuonyesha ni nani alichukua."

Akatoa simu yake. Nilitaka kumwomba asiiwashe, lakini kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza. Sauti yangu ikajaa uani, na watoto wakakusanyika.

"Ndugu yangu, ile mwanamuke ni hatari! Bakubwa bote banamwambia hakuna muji kule, yeye peke yake anasema iko, na muji iko! Nikimuona usiku anaandika zile namba zake, nasikia haya ya kusahihisha hesabu zangu. Sijaona mutu mwenye akili na moyo kama yeye..." Kisha jina la kijiji, ghala, vyungu, vyote.

Nilitazama chini. Mke wangu hakunigeukia. Alimuuliza mke wa kapita vyungu vilikuwa katika hali gani vilipoondoka.

"Zilikuwa zinangaa!" mama akajibu kwa fahari. "Bamama bote tulizisugua ku muto, na muchanga na majani, ndani na inje. Mugeni wa Bukavu hatuwezi kumupa nyungu ya masizi."

"Na zenye zilipasuka?"

"Aah, zile tulitupa mu migomba. Haiko kitu ya kuonyesha mugeni."

Aliinuka kabla mama hajamaliza. Nilimfuata. Alipiga magoti kwenye tope la migomba, akachambua maganda ya ndizi na majivu, akatoa kigae, akakigeuza. Ndani kilikuwa na gamba jeusi, gumu. Akakinusa. Akakaa chini kabisa, kwenye uchafu ule, machozi yakamtoka.

Ulikuwa ukoko. Chakula cha mtu kiliungua pale zamani zile, na ukoko ndio unaoeleza umri. Vyungu vizuri vilivyoondoka kwenye magodoro vilikuwa vimesuguliwa, havina cha kueleza tena. Majibu ya maabara yalikuja miezi mingi baadaye, na wakubwa wake walilazimika kukubali kwamba watu walikaa pale, wakapika pale, kizazi baada ya kizazi, kabla ya mtu yeyote anayekumbukwa.

Lakini siku ile hatukuwa na majibu. Yeye alitoa kigae baada ya kigae, mimi nikashikilia bahasha zikiwa wazi. Nilimwomba msamaha. Akafunga bahasha moja, akaandika namba yake juu, polepole kama siku zote.

"Yale yote ulisema mu audio," akasema, bila kuinua macho, "mbona mimi hukuniambiaka?"