Mbuzi Saba Ndani ya Chombo cha Nyota

Juzi vijana wa avenyu yetu walinizunguka na simu. "Tonton, wewe ulimaliza masomo ya usiku, utuchagulie!" Walitaka sheria za mchezo wa safari za nyota: ule ambao mnakaa mezani, kila mmoja anajifanya mtu mwingine, mnasimulia safari pamoja na kete inaamua. Nikawaonyesha kitabu chenye kurasa chache kuliko vyote. Wakanung'unika. Basi wewe, rafiki yangu, nikueleze sababu.

Utotoni tulichezea kwa nyanya, karibu na maporomoko. Maji yalinguruma hata leo naongea kama mtu anayegombana. Asubuhi tulitwanga sombe, majani ya muhogo, kwanza, mikono ikinuka kijani, ndipo tukaruhusiwa kukaa mezani: mimi, dada yangu mkubwa na binti wa jirani. Mwalimu mmoja, akihama, alikuwa ametuachia vitabu viwili vya mchezo huo. Kimoja kilikuwa na kurasa sita na kete moja. Kingine kilihitaji wanaume wawili kukibeba, naapa: jedwali la mafuta, jedwali la hewa, jedwali la uzito wa mizigo.

Binti wa jirani alitaka kile chembamba. Baba yake alikuwa amepata kazi Basoko, mbali mtoni. Likizo ikiisha, familia nzima inapanda baleniera, ile mashua kubwa ya mbao.

"Mimi niko na juma tatu tu," alisema. "Na hiki tunaanza leo."

"Hiki iko ya batoto!" dada akamcheka.

Ikabaki kura yangu. Nikachagua kikubwa, nionekane mtu wa akili.

Kumbe sisi chombo tulichokijua ni baleniera tu. Tukakipakia cha nyota vilevile: kwanga za muhogo, madebe ya mawese, magodoro, shangazi za kila abiria, na mbuzi saba wa kuuza njiani. Jedwali la uzito likakataa. Tukatoa magodoro. Likakataa.

"Tutoe mbuzi," akasema binti wa jirani. Alikwisha kujichora kwenye karatasi yake: rubani, nywele zimesukwa, mikono kiunoni.

Nyanya, akipepeta mchele, akaingilia: "Mufike kwa watu mikono mitupu? Hata kule mwezini iko aibu!"

Nani angebishana na nyanya? Mbuzi wakabaki. Kila siku rubani wetu aliuliza, "Bon, tunaruka?" na kila siku mimi, mwenye kalamu, nilimjibu, "Bado kidogo, zimezidi kilo mia mbili."

Siku ya mwisho alikuja amevaa nguo ya safari. Nikakikimbilia kile kitabu chembamba, nikasema dakika kumi zinatosha. Mama yake akaita kutoka barabarani. Akaacha karatasi yake mezani. "Mukiruka, mumuangalie rubani wangu," akasema, akaenda.

Mchana ule dada mwenyewe aliwafuta mbuzi wote. Jedwali likakubali. Chombo kilikuwa chepesi, tayari, nasi wawili tukakaa tukiangalia karatasi ile. Hakuna aliyethubutu kuishika.

Nyanya hayupo tena, uwanja wake umejengwa ukuta, na vitabu vyote viwili vililiwa na mchwa, kikubwa na kidogo, bila kubagua. Hayo nimeyazoea. Ila yule binti alikuwa na majuma matatu ya kukaa nasi, nami nikayamaliza nikipima mbuzi.